Seleni katika Mbolea ya Ufini: Uchambuzi wa Kilichofika na Kisichofika kwenye Viazi na Karoti

Mwaka 1984 serikali ya Ufini ilichukua uamuzi ambao hakuna nchi nyingine iliyokuwa imeuchukua kabla yake: mbolea za mchanganyiko zinazouzwa kwa wakulima wa nchi nzima ziongezewe seleni kidogo, ili madini hayo yapite udongoni, yaingie kwenye mimea na malisho, na hatimaye yafike mwilini mwa mlaji bila yeye kubadilisha chochote katika anachokula. Kisa hiki kimeandikwa sana kwa upande wa nafaka, maziwa na nyama. Hapa ninakichambua kwa upande ambao kwa kawaida hupewa mstari mmoja tu, yaani viazi mviringo, karoti, tanipu na mazao mengine yanayokua chini ya ardhi. Nafanya hivyo kwa sababu mazao haya ndiyo yanayoonyesha vizuri zaidi uwezo wa njia hii na mipaka yake.

Hoja yangu ni kwamba kinachoamua iwapo kirutubishi kitafika kwenye mzizi au kiazi tunachokula si wingi wake udongoni. Kinachoamua ni umbo la kikemia ambalo udongo unakiachia, pamoja na njia ambayo mmea unakisafirisha baada ya kukifyonza. Ufini ilifanikiwa kwa kuwa ilichagua kirutubishi kinachopita mitihani yote miwili. Anayetaka kuiga mpango huo kwa zinki, chuma au iodini katika mboga za mizizi ni lazima aanze kwa kuuliza kama kirutubishi chake nacho kinaipita, kabla hajanunua hata gunia moja la mbolea.

Udongo wenye seleni usiotoa seleni

Umuhimu wa seleni kwa uhai haukujulikana hadi mwaka 1957, pale Klaus Schwarz na Calvin Foltz walipoonyesha kwamba kiasi kidogo mno cha madini hayo kinawakinga panya dhidi ya kuoza kwa ini. Kabla ya hapo seleni ilifahamika zaidi kama sumu ya mifugo. Mwaka 1973 ikabainika kuwa ni sehemu ya kimeng'enya kiitwacho glutathioni peroksidesi, ambacho hulinda seli zisiharibiwe na oksijeni yenye ukali. Tangu hapo swali likawa ni wapi watu wanaipata kwa uchache, na kwa nini.

Wafugaji wa Ufini walikuwa wameshaonja jibu. Ndama na wana-kondoo walikuwa wakidhoofika, misuli yao ikiingia mabaka meupe, wengine wakishindwa kusimama kunyonya, na tangu mwaka 1969 iliruhusiwa kuongeza seleni kwenye vyakula vya mifugo vinavyotengenezwa viwandani. Kwa binadamu picha ilikuja kukamilika kupitia utafiti mkubwa wa madini yaliyomo kwenye vyakula vya nchi hiyo, uliosimamiwa na Pekka Koivistoinen na kuchapishwa mwaka 1980. Katikati ya miaka ya 1970 mlaji wa kawaida alikuwa akipata takriban mikrogramu 25 hadi 30 za seleni kwa siku, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya chini kabisa duniani. Ngano iliyolimwa nchini ilikuwa na takriban miligramu 0.01 tu kwa kilo.

Mambo mawili yaliongeza uzito wa takwimu hizo. Mwaka 1979 watafiti wa China walichapisha matokeo yaliyohusisha upungufu mkali wa seleni na ugonjwa wa misuli ya moyo uitwao Keshan, kwa jina la wilaya ulikotambuliwa mwaka 1935, na wakaonyesha kwamba watoto waliopewa vidonge vya seleni waliugua kwa uchache zaidi. Mwaka 1982 Jukka Salonen na wenzake wakachapisha utafiti uliohusisha seleni kidogo kwenye damu na vifo vya moyo mashariki mwa Ufini, eneo lililokuwa likisumbuliwa sana na magonjwa hayo. Huo ulikuwa uhusiano wa kitakwimu, haukuwa uthibitisho wa sababu, lakini ulitosha kuifanya wizara ya kilimo iunde kikundi cha wataalamu na kuuliza nini kifanyike.

Kuna jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita. Udongo wa Ufini haukukosa seleni kabisa. Ulikuwa nayo, takriban miligramu 0.2 hadi 0.3 katika kila kilo. Shida ni kwamba udongo huo una tindikali, ni wa baridi, huloa kwa muda mrefu na una oksidi nyingi za chuma na alumini. Katika mazingira ya namna hiyo seleni hukaa zaidi katika umbo la seleniti, ambalo hunasa juu ya oksidi hizo na kubaki hapo, au hufungwa ndani ya mboji. Mzizi hupita kando yake bila kuichukua.

Gramu nane dhidi ya gramu mia tano

Hesabu ndogo inaonyesha jambo hili kuliko maelezo marefu. Chukua hekta moja ya shamba. Tabaka la juu la udongo, sentimita 20 kwenda chini, lina uzito wa takriban tani 2,500. Kwa kiwango cha miligramu 0.2 kwa kilo, tabaka hilo lina gramu 500 za seleni. Sasa weka kilo 500 za mbolea iliyotiwa miligramu 16 za seleni kwa kilo, kiwango kilichotumika Ufini mwanzoni kwa mazao ya nafaka na bustani. Umeongeza gramu 8. Ni chini ya asilimia 2 ya kile ambacho udongo ulikuwa nacho tayari, na bado nyongeza hiyo iliifanya seleni ndani ya punje za ngano ipande kwa zaidi ya mara kumi.

Siri ilikuwa kwenye umbo. Kilichotiwa kwenye mbolea kilikuwa selenati ya sodiamu, si seleniti. Selenati haing'ang'anii oksidi za chuma kwa nguvu, huelea kwenye maji ya udongo, na mzizi huifyonza kupitia milango ileile inayopitisha salfeti, yaani umbo la salfa ambalo mimea hulifyonza, kwa sababu molekuli hizo mbili zinafanana kiasi cha mmea kutozitofautisha vizuri. Majaribio ya Toivo Yläranta katika miaka ya mwanzo ya 1980 yalikuwa yameshaonyesha kwamba kwa kiasi kilekile cha seleni, selenati iliyowekwa udongoni inaupa mmea nyingi zaidi kwa tofauti kubwa kuliko seleniti. Bila majaribio hayo ya mashambani na kwenye vyungu, nchi nzima ingeweza kutumia miaka kadhaa ikilisha oksidi za chuma badala ya mimea.

Jambo la pili lililosaidia lilikuwa la kiutendaji. Gramu 8 za seleni ni sawa na gramu 19 hivi za selenati ya sodiamu, kiasi kinachoenea kwenye kiganja cha mkono. Kiasi hicho kinapaswa kusambazwa sawasawa juu ya mita za mraba 10,000, na ni kemikali yenye sumu ambayo mtu hapaswi kuishika kwa mkono mtupu. Hakuna mkulima anayeweza kufanya kazi hiyo kwa usalama na kwa usawa shambani kwake. Ufini iliikwepa hatari hiyo kwa kuichanganya selenati kiwandani ndani ya chembechembe za mbolea ya kawaida, na ilikuwa na bahati kwamba karibu mbolea yote ya mchanganyiko ilitoka kwa mtengenezaji mmoja, kampuni ya Kemira iliyomilikiwa na serikali. Mkulima aliendelea kununua na kumwaga mbolea kama alivyozoea. Nchi yenye waagizaji wengi wa mbolea, au yenye wakulima wasiotumia mbolea ya viwandani, haina mlango huo, na hilo ni la kukumbukwa kabla kisa hiki hakijatolewa kama mfano wa kuigwa kila mahali.

Safari ya kwenda kwenye kiazi

Hadi hapa nimezungumzia mlango wa kuingilia. Kwa mazao ya majani hilo linakaribia kutosha, ila kwa mboga za mizizi kuna kikwazo cha pili, ambacho huwashangaza watu kwa kuwa kinapingana na kile ambacho macho yanakiona. Karoti imezama ndani ya udongo uliorutubishwa, kiazi kimezungukwa na mbolea pande zote. Ingeonekana kwamba vingekuwa vya kwanza kupata kile kilichowekwa. Sivyo ilivyo. Kazi ya kufyonza hufanywa na mizizi myembamba kama nyuzi, na kinachofyonzwa hupanda juu kwa mkondo wa maji, ndani ya mishipa iitwayo zailemu, kuelekea kwenye majani ambako maji huvukizwa. Kiazi hakivukizi maji, na sehemu nono ya karoti vivyo hivyo haivukizi. Viungo hivi vya akiba hulishwa zaidi kutoka juu, kwa mishipa mingine iitwayo floemu, inayoteremsha sukari na viambato vyake kutoka kwenye majani. Kwa hiyo kirutubishi kinachotaka kuingia kwenye kiazi kwa wingi ni lazima kwanza kipande hadi kwenye jani, kisha kikubali kupakiwa kwenye floemu na kushuka tena. Kalisi, kwa mfano, hupanda vizuri na haishuki, na ndiyo maana viazi vina kalisi kidogo hata vinapokua kwenye udongo uliojaa chokaa.

Seleni inakubali safari ya kurudi. Ikifika kwenye jani kama selenati, mmea huipitisha kwenye njia ya kutengeneza amino asidi zenye salfa, na sehemu yake hugeuka kuwa selenomethionini, ambayo floemu huibeba bila tatizo. Marjo Turakainen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Helsinki walilifuatilia jambo hili kwenye mimea ya viazi mviringo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2004. Mwanzoni mwa ukuaji seleni ilionekana kwa wingi kwenye majani machanga, kwenye mizizi na kwenye vile vikonyo vya chini ya ardhi ambavyo ncha zake huvimba na kuwa viazi. Mmea ulipokomaa, seleni ya majani ilikuwa imepungua sana na ile ya viazi iko juu. Kile kilichopanda kilikuwa kimeteremka. Kwangu mimi huu ndio moyo wa kisa kizima kwa upande wa mboga za mizizi, kwa sababu unaeleza kwa nini mbolea iliyobuniwa kwa ajili ya nafaka haikuviacha viazi nyuma.

Hata hivyo mboga za mizizi si ukoo mmoja, ingawa jikoni tunaziweka kwenye kapu moja. Tanipu na figili ni jamaa wa kabichi, na jamii hiyo huhitaji salfa nyingi. Kwa kuwa selenati hupita kwenye milango ya salfeti, mimea hiyo hukusanya seleni zaidi kuliko karoti au viazi vilivyopandwa kwenye udongo uleule. Kitunguu saumu nacho, ingawa si mzizi halisi, kina tabia hiyo ya kupenda salfa na hivyo kupenda seleni. Anayepima tanipu na kutangaza kwamba mboga za mizizi zimeitikia vizuri amesema kweli kuhusu tanipu tu.

Ushindani huo wa salfeti una upande wake wa hasara. Wakulima wengi wa viazi hupendelea potasiamu iliyo katika umbo la salfeti kuliko ile ya kloridi, kwa sababu kloridi nyingi hupunguza wanga wa kiazi. Ni uamuzi wa busara kwa mavuno, lakini kila kilo ya salfeti inayoongezwa inaleta mshindani mlangoni palepale ambapo selenati inataka kuingia. Mpango wa kurutubisha viazi usipoitazama mbolea nyingine anayotumia mkulima, unaweza kupata matokeo hafifu na kulaumu udongo bila sababu.

Kiazi kina uwezo wa kubeba kiasi gani?

Hapa ndipo shauku inapohitaji kupimwa kwa mizani. Seleni inayofika kwenye kiazi huwekwa zaidi ndani ya protini, na kiazi si chakula cha protini nyingi. Juu ya hapo, kiazi ni maji kwa takriban asilimia 80, na karoti kwa karibu asilimia 88. Tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba urutubishaji umekiwezesha kiazi kufikia miligramu 0.1 za seleni kwa kilo ya uzito mkavu. Mtu anayekula gramu 300 za viazi anakula gramu 60 za uzito mkavu, na hivyo anapata mikrogramu 6. Mapendekezo ya Marekani kwa mtu mzima ni mikrogramu 55 kwa siku, na ya Umoja wa Ulaya ni 70. Sahani hiyo imetoa kama sehemu moja ya kumi ya mahitaji. Gramu 100 za karoti zenye kiwango hichohicho zingetoa mikrogramu 1.2. Unga wa ngano, ambao maji yake ni takriban asilimia 14 tu, ungetoa mikrogramu 8.6 kwa gramu 100, hata kama kila kilo kavu ingekuwa na seleni ileile.

Turudi pia kwenye zile gramu 8 za hekta. Mavuno ya tani 30 za viazi yana tani 6 za uzito mkavu, na kwa kiwango tulichochukulia yangeondoka shambani na gramu 0.6 za seleni, yaani chini ya asilimia 8 ya kilichowekwa. Nyingine ingebaki kwenye majani na shina, ingebadilika kuwa seleniti na kunaswa, au ingezama na maji. Hasara ya aina hii ni ya kawaida kwa selenati ya udongoni, hata kwa nafaka, na mpango wowote wa uaminifu unapaswa kuikubali waziwazi badala ya kuhesabu kana kwamba kila gramu iliyomwagwa imeliwa.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba kisa cha Ufini kinaonyesha kuwa viazi na karoti vinaweza peke yake kumaliza upungufu wa madini. Sehemu kubwa ya seleni iliyoongezeka kwa walaji wa Ufini ilipita kwenye maziwa, nyama na mayai, kwa kuwa mifugo walikula malisho na nafaka zilizorutubishwa na kuikusanya seleni kwenye protini ya miili yao. Mboga za mizizi zilipanda pamoja na vyakula vingine, na faida yake ni ya kujumlisha: kidogo kutoka huku, kidogo kutoka kule, kila siku, bila mtu kuhitaji kukumbuka kidonge. Faida hiyo ni halisi na naithamini. Kwa jamii ambayo sehemu kubwa ya chakula chake ni viazi au mihogo na nyama ni chache, hesabu inabadilika, maana anayekula kilo nzima ya viazi kwa siku angepata mikrogramu 20 kwa kiwango kilekile.

Kipimo kilichobadilishwa mara tatu

Sehemu ya kisa hiki ninayoistahi kuliko zote ni ile ya baada ya uamuzi. Matokeo yalikuja haraka kuliko ilivyotarajiwa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, seleni anayopata mlaji kwa siku ilikuwa imevuka mikrogramu 100, na ile ya kwenye damu ilikuwa imepanda kutoka wastani wa chini ya mikromoli 0.9 kwa lita hadi karibu 1.5. Hakuna aliyedhurika, kwani kiwango hicho kilikuwa bado mbali na hatari, lakini kilizidi lengo, na seleni si kirutubishi cha kuzidishwa kwa imani kwamba kitu kizuri kikiwa kingi ni kizuri zaidi. Katika eneo la Enshi nchini China watu waliokula mazao ya udongo wenye seleni nyingi mno walipoteza nywele na kucha. Huko California, mwaka 1983, vifaranga vya ndege wa majini kwenye bwawa la Kesterson vilikutwa na ulemavu uliosababishwa na seleni iliyoletwa na maji yanayotiririka kutoka mashamba ya umwagiliaji. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliushusha ukomo wa juu kwa mtu mzima kutoka mikrogramu 300 hadi 255 kwa siku. Umbali kati ya kutosha na kuzidi ni mfupi kuliko kwa madini mengi.

Ufini ilipunguza. Mwanzoni kulikuwa na viwango viwili, miligramu 16 kwa kilo ya mbolea ya nafaka na 6 kwa ile ya malisho. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikabaki kimoja cha 6 kwa zote. Miaka ilivyopita vipimo vilionyesha kwamba chakula kimeshuka kuliko ilivyokusudiwa, na mwaka 1998 kiwango kikapandishwa hadi 10, kisha mwaka 2007 hadi 15. Ulaji ukatulia karibu na mikrogramu 80 kwa siku. Marekebisho hayo yaliwezekana kwa sababu sampuli za chakula, malisho, udongo, maji na damu zilikuwa zikichukuliwa kwa mfululizo tangu mwanzo, na ufuatiliaji wa maji haukuonyesha ongezeko la kutia wasiwasi lililotokana na mbolea.

Je, afya ya watu ilinufaika? Kwa mifugo jibu ni wazi, kwani magonjwa ya misuli yatokanayo na upungufu yalipungua sana. Kwa binadamu, vifo vya moyo nchini Ufini vilishuka mno, lakini vilikuwa vimeanza kushuka tangu miaka ya 1970, pamoja na kupungua kwa uvutaji wa sigara na mafuta ya wanyama mezani, na nchi zisizotia seleni kwenye mbolea zilishuka pia. Mpango uliogusa watu wote kwa wakati mmoja haukuacha kundi la kulinganishia. Anayedai kwamba seleni ndiyo iliyookoa mioyo ya Wafini anasema zaidi ya ushahidi unaoruhusu. Kilichothibitika ni kwamba upungufu uliondolewa, nalo ni jambo kubwa la kutosha.

Zinki, chuma na iodini kwenye njia hiyohiyo

Tukivipitisha virutubishi vingine kwenye mitihani ileile miwili, picha inakuwa ngumu zaidi. Chuma hufeli mapema: salfeti ya chuma ikiwekwa kwenye udongo wenye hewa na usio na tindikali hupata kutu, kwa lugha nyepesi, na kuganda ndani ya muda mfupi, udongo tayari una chuma maelfu ya mara kuliko mmea unavyohitaji, na kuongeza kilo kadhaa hakubadilishi kitu.

Zinki hufanya vizuri zaidi mlangoni. Nyanda za kati za Uturuki, ambako Ismail Cakmak na wenzake walifanya kazi katika miaka ya 1990, zilishuhudia ngano ikiongeza mavuno na zinki ya punje baada ya mbolea ya zinki kuwekwa kwenye udongo wenye chokaa. Lakini Philip White na wenzake huko Scotland walipokinyunyizia kiazi mbolea ya zinki majanini, zinki ya majani ilipanda mara nyingi sana ilhali ya viazi ilipanda kwa sehemu ndogo tu ya hiyo na kufikia kikomo. Floemu huibeba zinki kwa uchoyo. Iodini nayo hupanda na maji na hubaki zaidi kwenye majani, kisha mizizi, hivyo mchicha hurutubika kwa urahisi kuliko kiazi. Karoti iko katikati: sehemu yake inayoliwa ni mzizi wenyewe, si shina lililovimba kama kiazi, na hupata kiasi fulani moja kwa moja kutoka kwenye maji yanayopita ndani yake.

Lipo pia tatizo la kipimo ambalo huwapotosha hata watu makini. Karoti inapong'olewa ina udongo kwenye mikunjo ya ngozi na pale juu inapokutana na majani. Udongo wa kawaida una chuma cha asilimia 1 hadi 5, yaani miligramu 10,000 hadi 50,000 kwa kilo. Gramu moja tu ya udongo ikisalia kwenye kila kilo kavu ya sampuli, huongeza miligramu 10 hadi 50 za chuma kwenye matokeo, na mtafiti anaweza kushangilia urutubishaji ambao umo kwenye uchafu. Ndiyo maana maabara zinazofahamu kazi hii hupima pia alumini au titani, madini ambayo udongo unayo kwa wingi na mmea karibu hauna. Yakionekana, sampuli haikuoshwa vizuri. Kwa seleni kosa hili halina uzito katika udongo wa Ufini, kwani gramu moja ya udongo huo ina mikrogramu 0.3 au pungufu, na hiyo ni sababu mojawapo ya takwimu za Ufini kuaminika.

Ngozi yenyewe inahitaji kutajwa. Zinki na chuma vya kiazi vimerundikana zaidi karibu na ganda, kwa hiyo kiazi kilichomenywa kwa unene hupoteza sehemu ya kile ambacho mbolea ilikileta kwa shida, ilhali seleni, iliyomo kwenye protini, imetapakaa zaidi hadi ndani. Mpango unaopima kiazi kizima na ganda lake, kwa watu wanaokula kiazi kilichomenywa, umepima chakula ambacho hakuna anayekila.

Limebaki suala la muda. Selenati ambayo haikufyonzwa haikai udongoni ikisubiri msimu ujao. Udongo uleule wa baridi na tindikali huigeuza kuwa seleniti na kuinasa, ikaungana na zile gramu 500 za zamani. Akiba haijengeki. Mashamba ya kilimo hai nchini Ufini, ambayo hayatumii mbolea hizo za viwandani, yanaonyesha hali hiyo hadi leo: nafaka zake zina seleni ndogo kuliko za jirani anayetumia mbolea ya kawaida, na samadi, ingawa inatoka kwa ng'ombe waliolishwa seleni, huileta kwa sehemu kubwa katika maumbo ambayo mzizi hayafyonzi kwa urahisi. Msimu ambao mbolea itamwagwa bila selenati, viazi vya shamba hilo vitavunwa vikiwa karibu na hali viliyokuwa nayo viazi vya mwaka 1983.